Klabu Yetu Imesajili Nyota: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mashabiki wa Tanga

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, baraza ninalokaa jioni pale Ngamiani hubadilika. Kahawa hupoa vikombeni, kashata husahaulika sahanini, na mazungumzo yote huwa ni nani anakuja na nani anaondoka. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudiwa mbele yangu msimu baada ya msimu, mengi yakiulizwa na mashabiki wa Coastal Union, mengine na wenzetu wa Simba na Yanga wanaoishi Tanga. Mimi ni shabiki wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, tangu utotoni na sifichi upande wangu. Hata hivyo, kanuni nilizozieleza zinazihusu klabu zote.

## Mambo ya msingi

1. Watu wanaposema klabu "imemsajili" mchezaji, maana yake nini hasa?

Katika mazungumzo ya kila siku neno hili limebebeshwa mambo matatu tofauti, na ugomvi mwingi wa barazani huanzia hapo. La kwanza ni makubaliano ya klabu mbili, iwapo mchezaji bado ana mkataba na klabu anayotoka. La pili ni mkataba wa ajira kati ya mchezaji na klabu mpya, lile ambalo magazeti huliita kumwaga wino. La tatu ni usajili wenyewe, yaani jina lake kuingizwa kwenye mfumo wa shirikisho na yeye kupatiwa leseni ya kucheza.

Sisi mashabiki hushangilia la pili, ilhali msimamizi wa mchezo hulitambua la tatu peke yake. Anayeshika tofauti hii hatasumbuliwa na sehemu kubwa ya maswali yanayofuata.

2. Nani anastahili kuitwa nyota?

Jina kubwa pekee halitoshi, ingawa lina thamani yake. Mwaka 2018, Coastal Union iliporejea Ligi Kuu, ilimsajili mwanamuziki Ali Kiba kuwa mchezaji wake, na kwa wiki kadhaa klabu yetu ikawa inatajwa hata na watu wasiojua uwanja wetu wa Mkwakwani uko wapi. Nilifurahi, kwa kuwa timu iliyotoka daraja la chini ilihitaji kukumbukwa na nchi nzima.

Ila uwanjani kipimo changu ni kingine. Nyota ni yule ambaye kocha wa timu pinzani hulazimika kubadili mpango wake kwa sababu yake. Fiston Mayele alipotua Yanga mwaka 2021 akitoka AS Vita Club ya Kinshasa, wengi hapa Tanga hawakuwa wakimfahamu. Msimu wa 2022/23 alimaliza na mabao 17 ya ligi, na Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mabeki waliokuwa wakija kucheza naye walikuwa wamekwisha kumwota kabla ya kupanda basi.

3. Usajili hufanyika wakati gani?

Kuna vipindi viwili kwa mwaka. Dirisha kubwa huwa kati ya msimu mmoja na mwingine, na dirisha dogo hufunguliwa msimu ukiwa katikati, ambalo kwetu kwa kawaida huangukia Desemba na Januari. Tarehe hupangwa na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, lakini kwa kanuni za FIFA vipindi vyote viwili kwa jumla havizidi wiki 16 kwa mwaka. Mchezaji asiye na klabu, ambaye mkataba wake ulikwisha kabla dirisha halijafungwa, anaweza kusajiliwa hata baada ya dirisha kufungwa, iwapo shirikisho la nchi limeruhusu.

4. Kwa nini furaha inakuwa kubwa namna hii kabla mchezaji hajagusa mpira?

Swali hili huulizwa zaidi na wake zetu, na mara moja niliulizwa na binti yangu, akitaka jibu la kweli. Ninalijibu kwa urefu kwa sababu nadhani ndilo kiini cha mambo yote.

Coastal Union ilianzishwa mwaka 1948 na ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Hesabu miaka iliyopita tangu hapo. Mtu aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye familia, na hajaiona klabu yake ikibeba kombe la ligi. Mwaka 2016 tulipata uchungu ambao sijui kama mkoa mwingine umewahi kuupata: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zilishuka daraja kwa pamoja, timu tatu za Tanga katika msimu mmoja. Kwa miaka miwili Jumamosi za Mkwakwani zilikuwa kimya. Coastal iliporudi mwaka 2018, tulirudi nayo tukiwa watu waliokwisha kujifunza kwamba timu inaweza kuondoka.

Kwa shabiki wa mahali kama hapa, kusajiliwa kwa mchezaji mzuri ni habari kwamba klabu inakusudia jambo. Ni sawa na kuona nyumba ya jirani iliyofungwa muda mrefu inapakwa chokaa: hujui sherehe ni ya nini, lakini unajua kuna sherehe. Zaidi ya hayo, Tanga imezoea kuwa mtoaji. Bakari Mwamnyeto, aliyekuwa nahodha wetu, alikwenda Yanga mwaka 2020, na mwaka huohuo Ibrahim Ame akaenda Simba. Mji uliozoea kusindikiza wageni kituo cha basi hushangilia kwa namna ya pekee siku mgeni anaposhuka na mizigo yake akisema amekuja kukaa.

Kwa hiyo furaha ile si upumbavu, wala haihitaji kuombewa radhi. Bao lenyewe linaweza kuja au lisije. Matumaini ya Ijumaa usiku, simu zikilia kutoka Makorora hadi Raskazone, ni sehemu halali ya kupenda mpira, na ninayahesabu kuwa miongoni mwa mambo mazuri niliyopewa na klabu hii.

## Kutoka tetesi hadi leseni

5. Nitajuaje kwamba habari ya usajili ni ya kweli?

Habari ni ya kweli pale klabu inayomchukua inapoitangaza yenyewe kwenye kurasa zake rasmi, na huwa na nguvu zaidi iwapo klabu anayotoka nayo imemuaga. Yote yaliyo nje ya hapo ni tetesi, hata yakiwa na picha.

Picha ya mchezaji akiwa uwanja wa ndege inathibitisha kwamba amesafiri. Picha yake akiwa amevaa jezi yetu inaweza kutengenezwa na kijana yeyote mwenye simu nzuri. Maneno kama "mazungumzo yamefikia hatua za mwisho" hutumiwa pia na mawakala wanaotaka klabu nyingine ipandishe dau, na mara nyingi sisi mashabiki ndio tunaowafanyia kazi hiyo bila malipo kwa kusambaza kila tunachotumiwa. Ushauri wangu ni huu: furahia tetesi ukijua ni tetesi, na usimtukane mtu anayekuambia bado haijathibitishwa.

6. Ametambulishwa kwa shangwe, jezi amekabidhiwa, mbona mechi ya kwanza hayumo hata benchi?

Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi. Mchezaji anayetoka nchi nyingine anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, inayotolewa na shirikisho la nchi anayotoka kwenda kwa shirikisho la nchi anayoingia. Tangu Oktoba 2010 uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa kulipwa hupitia mfumo wa kompyuta wa FIFA unaojulikana kama TMS, na taarifa za klabu mbili zisipolingana, hata kwa tarakimu moja ya malipo, mfumo hausogei. Juu ya hilo mgeni anahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Kisha kuna suala la idadi: kanuni za ligi yetu zimeweka ukomo wa wageni, na klabu iliyojaza nafasi hizo lazima imwondoe mmoja ili mwingine aingie.

Ipo pia sababu ya kawaida kabisa, kwamba ametoka likizo na mwili bado hauko tayari. Joto la Tanga la Februari saa 10 jioni halina huruma kwa mtu aliyekaa miezi miwili bila mazoezi ya timu.

7. Je, akifeli vipimo vya afya baada ya kusaini, mkataba unakufa?

Haufi, na jambo hili huwashangaza wengi. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea matokeo ya vipimo vya afya wala kupatikana kwa kibali cha kazi. Ndiyo maana klabu makini humpima mchezaji kwanza, kisha ndipo humpa kalamu. Klabu iliyosainisha kwa haraka ili iwahi kutangaza, halafu ikagundua goti bovu, imekwisha kujifunga kumlipa mwenye goti hilo mpaka mwisho wa mkataba au mpaka waelewane.

8. Inawezekanaje klabu imtangaze mchezaji, kisha asije?

Inawezekana, na sisi Tanga tunalo somo la karibu. Juni 2024 Simba ilimtangaza beki wetu Lameck Lawi kuwa mchezaji wake mpya. Ukazuka mgogoro kati ya klabu mbili kuhusu utekelezaji wa malipo ya mauzo, shauri likafika mbele ya vyombo vya mpira, na msimu huo Lawi hakuvaa jezi ya Simba.

Sitaki kurudia hapa nani alikuwa na haki. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba tangazo lilikuwapo, picha zilikuwapo, na watu wa upande ule walikwisha kushangilia kwa moyo safi kama tunavyoshangilia sisi. Mambo matatu ya swali la 1 hayakukamilika yote, basi. Tangu mwaka ule nimejizuia kuwacheka mashabiki wa klabu nyingine wanapopatwa na jambo la namna hiyo.

9. "Mchezaji huru" maana yake anapatikana bure?

Maana yake ni kwamba hakuna klabu ya kulipwa ada ya uhamisho, kwa kuwa mkataba wake wa awali umekwisha. Haki hii ilipata nguvu kubwa Ulaya tarehe 15 Desemba 1995, mahakama ilipoamua kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman. Kwa kanuni za leo mchezaji ambaye mkataba wake umebakiza miezi sita au pungufu anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya msimu unaofuata. Hata hivyo, ada iliyookolewa kwa kawaida huhamia kwenye fedha ya kusaini na kwenye mshahara. Bado ni nafuu kwa klabu kama yetu, ingawa si bure.

## Fedha

10. Klabu ya Tanga inaweza kweli kushindania nyota na klabu za Dar es Salaam?

Kwa mshahara, hapana, na anayewaambia mashabiki vinginevyo anawadanganya. Simba na Yanga zina wadhamini wakubwa, zina mashabiki kila wilaya, na hucheza Afrika karibu kila mwaka. Azam nayo ina tajiri wake.

Tunachoweza kutoa ni nafasi ya kucheza. Mchezaji mwenye umri wa miaka 22 anayekaa benchi Dar es Salaam akija Mkwakwani anaweza kuanza mechi nyingi kati ya 30 za msimu, akaonekana kwenye televisheni, na thamani yake ikapanda. Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Huko tulitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola, na inauma, lakini kikosi kile hakikujengwa kwa majina makubwa. Kilijengwa kwa kuchagua vizuri. Ndiyo sababu ninapopenda usajili fulani, kwanza ninaangalia kama mchezaji anaziba pengo tulilokuwa nalo msimu uliopita, halafu ndipo ninauliza anaitwa nani.

11. Nyota tuliyemlea akiuzwa mbali baadaye, Tanga inapata chochote?

Inaweza kupata, na laiti viongozi wa klabu ndogo wangelijua hili kama wanavyojua mapato ya mlangoni. FIFA ina utaratibu wa mgawo wa mshikamano. Mchezaji mwenye mkataba anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Chukua mfano wa kubuni. Kijana amechezea klabu ya Tanga misimu minne kuanzia akiwa na miaka 16, kisha akaenda Dar es Salaam, na baadaye klabu ya Dar es Salaam ikamuuza Misri kwa thamani ya shilingi bilioni 1. Misimu minne ni asilimia 2, kwa hiyo klabu ya Tanga inastahili shilingi milioni 20. Fedha hiyo inaweza kugharimia safari kadhaa za ugenini. Sharti ni kumbukumbu: kila msimu mchezaji lazima awe ameandikishwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa isiyobadilikabadilika, kwani malipo haya sasa hupitia kituo maalumu cha malipo cha FIFA kilichoko Paris, nacho hufuata rekodi za usajili. Klabu ya mtaani iliyomlea mtoto bila kumwandikisha popote haina cha kudai.

Mauzo kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam moja kwa moja hayaingii kwenye utaratibu huu, kwa kuwa klabu zote ni za Tanzania. Hapo tegemeo ni mkataba wa mauzo wenyewe, ambao unaweza kuwa na kifungu cha kuipa klabu ya awali asilimia fulani ya mauzo yajayo.

## Shabiki na nafasi yake

12. Ninunue lini jezi yenye jina la mchezaji mpya?

Subiri acheze. Mwaka mmoja nilimnunulia mwanangu jezi kutoka kwa muuzaji mmoja wa mjini, jina la kiungo aliyekuwa akitajwa kila mahali likiwa limebandikwa mgongoni. Kiungo yule hakuja. Mtoto aliivaa jezi ile mpaka ikachanika, lakini kila aliyeuliza "huyu nani?" alinikumbusha haraka yangu.

Jambo kubwa zaidi ni kununua jezi halisi inayouzwa na klabu au wakala wake. Jezi ya bandia hailipi mshahara wa mchezaji unayemshangilia, na mtu hawezi kudai nyota kila dirisha huku akiinyima klabu yake hata fedha ya jezi.

13. Je, ni lazima niende uwanjani, wakati mechi inaonyeshwa na ninaweza kutazama kwenye kibanda?

Si lazima. Wapo wazee wasioweza kupanda ngazi za jukwaa, na wapo wavuvi ambao saa ya mechi iko katikati ya kazi yao. Kwa mwenye uwezo, hata hivyo, ninasema aende. Mchezaji mpya anayetoka mbali huamua katika wiki zake za kwanza kama mji huu unamtaka. Akiingia Mkwakwani akakuta jukwaa limejaa na ngoma zinalia, ataandikia wenzake kwamba Tanga kuna watu. Akikuta saruji tupu, atamwambia wakala wake aanze kutafuta. Nimewasikia wachezaji wakisema hivyo kwa vinywa vyao wakinywa kahawa nasi.

14. Ninashabikia Coastal, lakini pia ni Yanga (au Simba). Nyota akisajiliwa upande ule, nifurahi?

Nusu ya Tanga iko katika hali hii, na sioni haja ya kumlaumu mtu. Clatous Chama alipotangazwa kuwa mchezaji wa Yanga Julai 2024, baada ya miaka mingi akiwa kipenzi cha Simba, nyumba moja ninayoifahamu hapa Ngamiani ilikuwa na kicheko sebuleni na mlango uliofungwa chumbani. Ndugu wawili hawakula pamoja siku hiyo. Kesho yake walikaa safu moja Chumbageni wakinywa chai, kwani Coastal ndiyo iliyowakutanisha tangu wakiwa watoto.

Ninachoomba ni kimoja: siku Simba au Yanga inapokuja Mkwakwani, mtu wa Tanga avae jezi ya nyumbani. Hata jina letu linadai hivyo. Katika lugha za Kibondei na Kisambaa, wagosi ni wanaume na kaya ni nyumbani.

15. Nyota ameanza vibaya. Tumvumilie kwa muda gani?

Mpe angalau mechi 10 alizoanza, si alizoingia dakika ya 85. Mgeni anajifunza nyasi, lugha, chakula, safari ndefu za basi na wenzake wapya kwa wakati mmoja. Kelele za kumzomea mapema humwongezea uzito miguuni. Baada ya hapo mkosoe kwa mchezo wake. Familia yake, kabila lake na nchi yake havihusiki, na kwenye baraza letu anayevigusa huambiwa anyamaze.

## Hali zisizo za kawaida

16. Mchezaji akisaini klabu mbili kwa kipindi kimoja, inakuwaje?

Mkataba wa kwanza halali ndio unaotazamwa, na kuuvunja bila sababu ya haki kuna gharama. Mchezaji anaweza kuamriwa kulipa fidia, na iwapo kosa limetokea ndani ya kipindi cha ulinzi cha mkataba, yaani miaka yake ya mwanzo, anaweza kufungiwa miezi minne, au sita hali ikiwa mbaya zaidi. Klabu iliyomshawishi inaweza kuzuiwa kusajili kwa madirisha mawili. Shabiki anayefurahia kwamba "tumempora" afahamu hesabu hii kabla ya kupiga vigelegele.

17. Nyota amekuja kwa mkopo. Ni wetu au si wetu?

Ni wetu uwanjani na wao kwenye karatasi. Mkopo wa kimataifa hauzidi mwaka mmoja kwa mkataba mmoja, na klabu iliyomkopa hairuhusiwi kumkopesha kwa klabu ya tatu. Mchezaji pia anaweza kuandikishwa na klabu tatu kwa msimu mmoja, lakini kwa kawaida anaruhusiwa kucheza mechi rasmi za klabu mbili tu, kwa hiyo klabu inayomchukua dirisha dogo lazima ichunguze alikuwa wapi tangu Agosti.

18. Klabu ikishindwa kumlipa nyota iliyemtangaza kwa mbwembwe?

Mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili bila sababu ana haki, kwa kanuni za FIFA, kuipa klabu taarifa ya maandishi na siku zisizopungua 15 za kulipa. Isipolipa, anaweza kuvunja mkataba na kuondoka huru huku akidai fedha zake. Klabu inayopuuza hukumu ya deni huzuiwa kusajili, hadi madirisha matatu mfululizo, na klabu za nchi yetu zimekwisha kuonja adhabu hiyo.

Hapa ninasema kwa ukali kidogo. Furaha ya mashabiki ni mali ya klabu, na kiongozi anayeitumia kutangaza jina kubwa ilhali anajua mshahara hautakuwapo mwezi wa tatu anatumia kitu kisichokuwa chake. Mashabiki tuwe tayari kuuliza swali la mshahara kwenye mkutano mkuu, hata kama linaharibu shangwe.

19. Tumemwona kijana wa miaka 16 wa ng'ambo ya Horohoro, upande wa Kenya, hodari sana. Tunaweza kumsajili?

Kwa kanuni ya jumla uhamisho wa kimataifa hauruhusiwi kabla mchezaji hajatimiza miaka 18. Kuna visamaha vichache, kama vile mzazi aliyehamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na mpira, na wale wanaoishi karibu kabisa na mpaka. Klabu ifuate njia hizo au isubiri. Kumpeleka mtoto wa watu mbali na kwao kwa ahadi za mdomoni ni jambo ambalo hakuna bao linaloweza kulihalalisha.

20. Kwa nini tumpende sana mtu ambaye msimu ujao ataondoka?

Tanga inajulikana kwa usemi wake wa "waja leo, waondoka leo", na katika mpira umetimia mara nyingi. Tarehe 2 Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, kombe la hapa nchini, ilichezwa Arusha kati yetu na Yanga iliyokuwa imemaliza ligi bila kufungwa. Abdul Suleiman, tunayemwita Sopu, alifunga mabao matatu peke yake. Mechi ikaisha 3-3, na tukashindwa kwa penalti 4-1. Ndani ya mwezi uleule Sopu akawa mchezaji wa Azam, na ilipofika Septemba kocha wetu Juma Mgunda naye akachukuliwa na Simba.

Nilikuwa barazani siku ya fainali ile. Bao la tatu lilipoingia, mzee mmoja aliyekuwapo mwaka 1988 alisimama akashika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, asiseme neno. Sopu kuondoka hakukumnyang'anya mzee yule dakika hiyo, wala mimi.

21. Na akirudi Mkwakwani akiwa na jezi ya klabu nyingine, tumpigie makofi?

Tumpigie, timu zinapoingia na anapoagwa mwishoni. Filimbi ya kwanza ikishalia, kwa dakika 90 yeye ni mshambuliaji wa wageni, na beki wetu ana ruhusa yetu yote ya kumnyima mpira.